Fomu ya Basari Haimwoni Mwalimu wa Chekechea

Chukua fomu ya kawaida ya basari kutoka ofisi ya wadi jijini Nairobi, uisome kwa macho ya mwanamke wa miaka 38 anayefundisha PP1, darasa la kwanza la chekechea, kule Mukuru kwa Njenga. Sehemu ya kwanza inataka jina la mwanafunzi na nambari yake ya usajili chuoni. Inayofuata inataka jina la baba, jina la mama na kazi ya kila mmoja, na ikiwa mmoja amefariki, nakala ya cheti cha kifo. Kisha sahihi ya chifu. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mwombaji mwenyewe ndiye mzazi, kwamba ana karo ya watoto wake ya kulipa, na kwamba kila asubuhi anawapokea watoto wa watu kwenye chumba cha mabati ili mama zao waende kazini.

Masharti mengi ya ufadhili wa masomo nchini yameandikwa kwa watu wawili. Mmoja ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Mwingine ni msomi mwenye digrii anayetafuta ya pili. Mwalimu wa chekechea aliye kazini, mwenye cheti na anayetaka diploma, au mwenye diploma na anayetaka digrii, yuko katikati yao, na kila sharti linampita kando. Naandika haya nikiamini kwamba kuna sharti moja, la kuthibitisha kwamba mtu anafundisha kweli, ambalo likiandikwa vizuri lingeyapunguzia mengine uzito. Serikali ya kaunti ndiyo yenye nafasi ya wazi zaidi kisheria ya kuliandika.

Walimu hawa hawakuanza jana kutafuta elimu. Kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kilianzishwa mwaka 1984 ndani ya taasisi ya mitaala, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE. Kwa muda mrefu mwalimu alisoma likizo za Aprili, Agosti na Disemba kwa miaka miwili, akirudi darasani shule zinapofunguliwa na kukaguliwa humo humo. Ulikuwa mpango uliomjua mwanafunzi wake: mtu mwenye kazi, mwenye nyumba, asiyeweza kwenda kuishi bwenini. Baadaye Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazikabidhi kaunti elimu ya awali. Mtaala wa umilisi ukaleta PP1 na PP2. Ilipofika mwaka 2021 vyuo vya ualimu vya umma vikaanza kufundisha diploma mahali pa vyeti vya zamani, na sharti la kuingia likawa wastani wa C katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne.

Hapo ndipo wengi walipokwama. Walioingia kazini kabla ya hapo, wengi wao waliingia kwa D+ na cheti. Mwalimu aliyepata D+ mwaka 2006 anaweza kuwa amefundisha mamia ya watoto kusoma herufi za kwanza, lakini ile D+ iko pale pale. Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, na hapo lazima asajili masomo yasiyopungua saba ili apate wastani mpya. Hakuna kurudia somo moja na kubadilisha alama ya jumla. Ya pili ni kupanda ngazi: cheti kinachotambuliwa, kisha diploma, kisha digrii. Mfumo wa taifa wa sifa za elimu unaosimamiwa na mamlaka iitwayo KNQA unaweka diploma kiwango cha 6 na digrii ya kwanza kiwango cha 7, na vipo vyuo vinavyopokea cheti kama daraja la kuingilia diploma.

Lakini chuo kukupokea ni jambo moja, na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, kukusajili kwa diploma hiyo ni jambo jingine. Kuna walimu walioingia hasara hapa: chuo kilichukua karo, kikafundisha, kikatoa cheti kwenye sherehe yenye majoho, na cheti kilipofikishwa TSC kikarudishwa kwa sababu aliyetahini si Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, wala chombo kingine kinachotambuliwa. Jiji hili limejaa kozi za chekechea zinazotahiniwa na mashirika binafsi. Baadhi zinafundisha vizuri kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo, kwa mtu anayeomba ufadhili, ubora wa mafunzo haumsaidii ikiwa mfadhili anaorodhesha mtahini kwa jina. Kabla ya kulipa hata shilingi ya usajili, uliza maswali matatu na upewe majibu kwa maandishi: nani anatahini, chuo kimesajiliwa kama kituo chake cha mtihani kwa nambari gani, na waliomaliza mwaka uliopita wamesajiliwa TSC kwa cheti hicho hicho? Chuo kinachosita kwenye swali la tatu kimekwisha kujibu.

Nambari ya TSC yenyewe ni sharti linalozunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Sheria ya TSC ya 2012 inasema asiyesajiliwa asifundishe, na wafadhili wengi, kwa sababu nzuri, wanataka nambari hiyo ili kuhakikisha wanamsaidia mwalimu wa kweli. Lakini anayehitaji ufadhili zaidi ni yule ambaye cheti chake cha sasa hakitoshi kusajiliwa. Anaambiwa alete nambari ili asomeshwe, na hawezi kupata nambari hadi asome. Tume haina kosa hapa, maana inalinda watoto. Kosa ni la mfadhili aliyeweka nambari hiyo mlangoni, wakati angeweza kuidai mwishoni mwa kozi kama sehemu ya makubaliano.

Kwa anayeweza kusajiliwa sasa na hajafanya hivyo, asingoje tangazo la ufadhili. Kinachochelewesha si fomu ya TSC. Ni viambatisho: cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, ambacho hulipiwa shilingi 1,050 kupitia eCitizen na kufuatiwa na kuchukuliwa alama za vidole, fomu ya uchunguzi wa afya inayojulikana kama GP69, PIN ya KRA, picha, na nakala za vyeti. Tangazo la ufadhili likikaa wiki tatu, huenda cheti cha maadili peke yake kikamaliza muda huo.

Majina nayo yanaangusha maombi mengi kuliko alama, na hili halizungumzwi vya kutosha. Cheti cha KCSE kina jina la utotoni. Kitambulisho kina jina la mume, au majina yaleyale kwa mpangilio tofauti. Cheti cha chekechea kimeandikwa kwa herufi moja iliyozidi. Karani anayechuja mamia ya maombi haketi kuwaza kama Wanjiku wa kwenye karatasi hii ndiye Wanjiku wa ile, anaweka pembeni. Ikiwa tofauti ni ya mpangilio au herufi, hati ya kiapo iliyotiwa muhuri na wakili hutosha kwa wafadhili wengi. Ikiwa jina limebadilika kabisa, inahitajika hati rasmi ya kubadili jina, na hiyo haipatikani kwa siku mbili. Aliyepoteza cheti cha KCSE aanze na ripoti ya polisi na barua ya shule aliyofanyia mtihani, kisha aingie kwenye mfumo wa maombi wa KNEC uitwao QMIS. Kazi hizi zifanywe wakati hakuna tangazo lolote, kwa sababu tangazo likitoka foleni hurefuka kila mahali.

Sasa tuje kwenye ajira. Hati ya malipo ya mshahara ndiyo karatasi inayoombwa mara nyingi zaidi, na ndiyo wasiyokuwa nayo walimu wa Mathare, Kibra, Korogocho na Mukuru. Sehemu kubwa ya watoto wa chekechea kwenye mitaa hiyo wako katika shule za binafsi na za kijamii, zile ambazo kwa lugha ya wizara ni shule za APBET, yaani za elimu mbadala. Mwalimu hulipwa kwa M-Pesa, mara nyingine kwa mafungu mawili au matatu, kulingana na wazazi walivyolipa mwezi huo. Januari huwa kidogo. Agosti na Disemba huenda hakuna kabisa. Mwenye shule hajawahi kuchapisha hati ya malipo maishani mwake, na hata akitaka leo, itakuwa karatasi ya kubuni.

Mfadhili anayeona pengo hilo huhitimisha kwamba mtu huyu hana ajira, au ajira yake haithibitiki. Lakini kuna ushahidi ambao ni mgumu kughushi kuliko hati ya malipo, na umelala bila kuombwa. Daftari la mahudhurio ya darasa lenye mwandiko wa mwalimu mmoja kwa mihula mitatu. Mpango wa kazi wa muhula uliotiwa sahihi. Taarifa ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili yenye nambari ileile ya mtumaji kila mwisho wa mwezi, hata kama kiasi kinapanda na kushuka. Barua ya afisa wa elimu ya awali wa kaunti ndogo aliyewahi kulitembelea darasa hilo. Michango ya mfuko wa pensheni wa NSSF, kwa wachache walio nayo. Afisa mmoja akifika saa mbili asubuhi na kukuta watoto wakiitikia jina la mwalimu wao, amethibitisha zaidi ya mihuri mitano. Nairobi ina kaunti ndogo 17, na maafisa hao wapo tayari. Kinachokosekana ni fomu inayowauliza.

Mwombaji asiye na hati ya malipo asiache nafasi hiyo wazi. Aandike mstari mmoja, "silipwi kwa hati, tazama viambatisho," kisha aweke taarifa ya M-Pesa iliyopigiwa mstari kwenye malipo ya shule na barua ya mwenye shule inayotaja tarehe ya kuanza kazi, darasa, idadi ya watoto na saa za kazi kwa siku. Barua nyingi za wenye shule zinashindwa kwa sababu zimejaa sifa: mwalimu ni mchapakazi, mcha Mungu, anapendwa na watoto. Mfadhili hawezi kupima hayo. Anachoweza kupima ni tarehe na saa.

Watu wengi wakikosa basari huambiwa waende HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ni ushauri wa nusu. Mpango wa ufadhili wa vyuo vikuu uliozinduliwa 2023, unaogawa fedha kati ya ufadhili na mkopo kulingana na hali ya familia, umejengwa kwa wanafunzi wanaopangiwa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Mwalimu anayejiunga na digrii ya likizo kwa mlango wake mwenyewe hayumo. HELB ina mkopo wa walio kazini uitwao Jielimishe, lakini huo unarudi palepale kwenye hati ya malipo na mwajiri wa kukata mshahara. Riba yake pia si ile ya asilimia 4 anayotozwa kijana wa mara ya kwanza.

Hata mwenye hati ya malipo hukutana na hesabu nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inazuia makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Chukua mwalimu wa shilingi 18,000. Makato yake hayawezi kupita 12,000. NSSF ya asilimia 6 inachukua 1,080, bima ya afya ya asilimia 2.75 inachukua 495, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unachukua 270. Jumla 1,845, kabla ya jambo lolote alilolichagua mwenyewe. Akiwa na mkopo wa SACCO wa 8,000 kwa mwezi, amebakiwa na nafasi ya 2,155. Ombi lake la mkopo wa karo likikataliwa, ataambiwa hastahiki, na huenda asijue kamwe kwamba kilichomwangusha ni ule mkopo wa SACCO uliobaki miezi minne kuisha. Piga hesabu hiyo kabla ya kuomba. Wakati mwingine kungoja muhula mmoja kunabadilisha jibu.

Kuna mlango mmoja ambao wenye shule za binafsi hawaujui. Mwajiri anatakiwa kulipa tozo ya mafunzo ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anayelipa anaweza kudai kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa kabla hayajaanza. Kwa kozi fupi za usalama wa watoto au huduma ya kwanza, ni njia inayofaa kujaribiwa. Usiitegemee kulipia diploma nzima. Na shule isiyolipa zile 50 haina la kudai.

Tuseme basari imepatikana. Hundi haiandikwi kwa jina la mwalimu; inaandikwa kwa chuo, na inafaa iwe hivyo. Ila hundi ikikaa zaidi ya miezi sita benki haiipokei tena, na chuo kinachofundisha likizo tu kinaweza kuwa na ofisi ya fedha isiyofunguliwa kila wiki. Mwalimu aifuatilie hadi apewe risiti yenye nambari yake ya usajili, maana hundi moja mara nyingi hubeba majina ya wanafunzi kadhaa na chuo huandika salio kwa mtu asiye wake.

Jambo linaloumiza zaidi huja mwishoni. Karo imelipwa, masomo yamekwisha, na ada ya mtihani wa KNEC haikuwa ndani ya karo. Ni malipo tofauti, yenye tarehe yake ya mwisho, na mfadhili hakuyaandika kwenye barua. Mwalimu anakosa usajili wa mtihani kwa pesa ambazo ni sehemu ndogo tu ya zile zilizokwisha kutumika kumsomesha, na kwa mfadhili jina lake linabaki kwenye orodha ya waliosaidiwa. Vivyo hivyo kwa mazoezi ya kufundisha. Chuo kinaweza kumtaka mwalimu afanyie mazoezi kwenye shule nyingine kwa wiki kadhaa, naye hapo shuleni kwake anahitajika mtu wa kushika darasa. Mwenye shule akimlipa huyo wa muda, hamlipi mwalimu. Ufadhili unaosema unalipia masomo na hauhesabu mwalimu wa muda, nauli ya kutoka Kayole hadi chuo kilicho Thika Road, na mtu wa kumwangalia mtoto mchanga nyumbani, umelipia kiti tu.

Kwa mwenye digrii, ufadhili wa nje nao una vizingiti vyake, na vingine vinashangaza. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Mwalimu wa chekechea anayehesabu vipindi vyake tu, 25 vya dakika 30 kwa wiki, anapata saa 12.5, na kwa mwaka wa wiki kama 39 hafiki hata 500. Atajiona anahitaji karibu miaka sita. Lakini kinachohesabiwa ni saa za kazi: kupokea watoto, uji, usingizi, maandalizi, kuwakabidhi kwa wazazi. Akiwa shuleni saa sita kwa siku, hizo ni 30 kwa wiki na 1,170 kwa mwaka, na miaka miwili na nusu inatosha. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, wa kusomea uzamili barani Afrika unataka digrii ya mwisho isiwe imepita miaka 6, sharti linalomtoa aliyetumia miaka hiyo hiyo darasani. Ule wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa unataka daraja la pili la juu, au la chini pamoja na sifa ya ziada, lakini unamwacha mwalimu akae kazini, na kwa watu wa fani hii naona ndio wa kutazamwa kwanza. Mpango wa Japani wa kuwafunza walimu, kwa watu wa chini ya miaka 35, unataka miaka mitano ya kufundisha shule ya msingi, ya sekondari au chuo cha ualimu. Chekechea haikutajwa. Wala si lazima kuwe na nia mbaya. Walioandika hawakuwaza kwamba chekechea ni shule.

Mfano ulioandikwa kwa mwalimu huyu hasa upo Marekani, na una zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1990 jimbo la North Carolina lilianzisha T.E.A.C.H., mpango wa ufadhili wa walimu wa watoto wadogo ambao baadaye ulienea kwa majimbo mengine mengi. Sharti lake la kwanza ni kwamba mwombaji awe kazini kwenye kituo cha watoto kwa saa za kutosha kila wiki. La pili, mshahara wake usizidi kiwango fulani, kwa hiyo kipato cha chini ndicho kinachomfanya astahiki. Mfuko unalipa sehemu kubwa ya karo, mwenye kituo analipa sehemu, mwalimu analipa sehemu ndogo. Kuna pesa za vitabu na usafiri, na saa za kutoka kazini zenye malipo. Akimaliza idadi ya masomo waliyokubaliana, mwalimu anapata nyongeza ya mshahara au bonasi, naye anaahidi kubaki kituoni, kwa kawaida mwaka mmoja.

Tazama jinsi masharti hayo yanavyoshikana. Mwajiri hawezi kutia sahihi kwa mtu asiyemwajiri, kwa sababu sahihi yake inamgharimu. Kwa hiyo uthibitisho wa ajira unatoka ndani ya mpango wenyewe. Mwalimu akitoa hata sehemu ndogo, haachi kozi katikati kirahisi. Na nyongeza ya mshahara inafanya ahadi ya kubaki isiwe kifungo.

Nairobi haina utajiri wa Marekani, lakini ina jambo ambalo kaunti zimelipuuza. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti ziache kutoa basari za sekondari na vyuo vikuu bila makubaliano na serikali ya kitaifa, kwa kuwa ngazi hizo si jukumu lao kikatiba. Magavana walipinga na suala likafika mahakamani. Katika kelele zile, hakuna aliyebisha juu ya elimu ya awali. Hiyo ni ya kaunti, kwa maandishi ya Katiba yenyewe. Kumwendeleza mwalimu aliyeajiriwa na kaunti ni kazi ya mwajiri yeyote. Kwa wale wa shule za kijamii, kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaruhusu kaunti kuanzisha mfuko wenye kanuni zake. Nairobi imezoea kuwa na mfuko wa basari katika wadi zake 85. Kuuongezea dirisha la walimu wa chekechea si kuanza upya.

Dirisha hilo liandikwe hivi, kwa maoni yangu. Anayestahiki ni mtu anayefundisha PP1 au PP2, au kulea watoto wa umri huo, ndani ya Nairobi kwa mihula mitatu mfululizo, na afisa wa kaunti ndogo amelithibitisha kwa kumkuta darasani. Nambari ya TSC isidaiwe mwanzoni bali ndani ya miezi sita baada ya matokeo. Chuo na mtahini wawe kwenye orodha iliyochapishwa, ili mzigo wa kuchunguza vyuo usiachiwe mwalimu. Kiasi kinachotolewa kitaje karo, ada ya mtihani na mwalimu wa muda kila kimoja kwa mstari wake. Umri usitajwe kabisa. Na ile sehemu ya baba na mama iondolewe, iwekwe idadi ya wategemezi.

Wenye shule watasema mwalimu akisomeshwa ataondoka, na hawasemi uongo. Kaunti inapotangaza nafasi, shule ya kijamii hupoteza mwalimu wake bora kwa wiki moja, na watoto wake hupata wa tatu katika mwaka mmoja. Kufunga kwa mkataba wa miaka mingi hakusaidii, kwani mtu anayelipwa kidogo atavunja mkataba na hakuna atakayemshtaki. Mwaka mmoja baada ya kumaliza, wenye nyongeza ya kila mwezi inayolipwa na mfuko moja kwa moja kwa mwalimu, unatekelezeka. Akiajiriwa na kaunti kabla ya mwaka kuisha, mfuko usimdai. Mtoto wa Nairobi bado ndiye anayefundishwa. Deni limfuate tu aliyeacha kufundisha watoto kabisa bila sababu ya afya au uzazi.

Linalobaki ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Anayetaka dirisha hili liwepo apeleke maandishi kwenye vikao vya maoni ya umma kabla ya Februari, akitaja mfuko, kifungu na kiasi, kwa sababu baada ya hapo viwango vya kila idara vimeshafungwa. Mwaka wa fedha unafunguliwa 1 Julai, na mwalimu wa likizo anahitaji karo iwe chuoni mwanzoni mwa Agosti, wakati fedha za hazina kwa kawaida bado hazijafika kaunti. Fungu la kawaida la bajeti haliwezi kumlipia kikao hicho, kwa kuwa lililotengwa mwaka jana limeisha usiku wa 30 Juni. Mfuko ambao kanuni zake zinauruhusu kubaki na salio lake unaweza, mradi kamati imekaa Mei, majina yamepitishwa Juni, na hundi za Agosti zimeandikwa kwa pesa zilizokwisha kuwa benki.